Gesine wa Ngazi za Kanisa Kuu

Mjini Bremen, mwanamume akitimiza miaka thelathini bila mke, hana pa kujificha. Marafiki zake watamjia na kofia ndefu nyeusi na koti lenye mkia, watamtia ufagio mkononi, kisha watampeleka uwanjani mbele ya kanisa kuu. Ngazi zote zitamwagiwa vizibo vya chupa na vumbi la mbao, naye atafagia huku watu wakimtazama. Akimaliza, watamwaga tena. Hakombolewi mpaka mwanamwali mmoja ajitokeze mbele ya umati na kumbusu. Na muda wote huo, kuwe na jua au mvua, kinanda lazima kilie.

Aliyekuwa akikizungusha kinanda hicho kwa miaka mingi ni Gesine Ohlrogge.

Si kwamba alikipenda tangu utotoni. Kilikuwa cha baba yake, mzee Diedrich, mtu wa mtaa wa Walle, ambaye siku za kazi alikaanga kahawa kiwandani karibu na bandari, na Jumamosi akavaa kofia yenye unyoya na kusukuma kinanda chake mpaka uwanjani. Kilikuwa sanduku la mbao lililopakwa rangi nyekundu, likikaa juu ya magurudumu, na ubavuni lilikuwa na mpini. Ukiuzungusha, ndani upepo unapulizwa kwenye filimbi, na wimbo unatoka. Basi. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini kwa Gesine ilikuwa aibu tupu.

"Gesine, baba yako kapita kwetu jana," wenzake shuleni walimwambia. "Mbwa wetu wakaimba naye."

Kwa hiyo Jumamosi alikuwa akizunguka njia ya mtoni, mbali, ili asikatize uwanjani akamwona baba yake anainua kofia kwa watu. Mzee alijua. Jioni alirudi, akamwekea mezani kipande cha keki ya zabibu kavu, akaenda kulala.

Gesine alipokuwa mtu mzima alipata kazi kwenye duka la mikate karibu na kituo cha tramu cha Domsheide, akaishi na dada yake Almuth katika nyumba ileile ya wazazi. Mzee Diedrich alifariki majira ya kuchipua, kwa ugonjwa wa mapafu. Kinanda kikabaki kwenye ujia wa nyumba, kimefunikwa kitambaa cha meza, na kila Almuth alipopita gizani alijigonga goti.

"Hiki kitu kitanilemaza," Almuth alisema. "Tukiuze."

Gesine hakupinga. Akapatikana mnunuzi kutoka Hamburg, wakakubaliana aje Jumapili kukichukua. Ijumaa kabla ya hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mama mmoja mnene, amevaa koti la mvua, jina lake Bi Behnken.

"Nimemfuata mzee Diedrich," alisema. "Kesho mwanangu Heiko anafagia ngazi."

"Mzee amefariki, mama."

Bi Behnken akashika mdomo. Akasimama pale mlangoni bila kujua aondoke au aingie. "Pole sana mwanangu. Sikusikia. Alituahidi tangu Krismasi." Macho yake yakaangukia kitambaa cha meza na kile kilichokuwa chini yake. "Na kinanda?"

"Kinaondoka keshokutwa."

"Basi kesho bado kipo," Bi Behnken alisema.

Hivyo ndivyo Gesine alivyojikuta uwanjani Jumamosi ile, amevaa kofia ya baba yake iliyomfika mpaka kwenye nyusi. Hakuwa amewahi kuushika ule mpini. Akauzungusha kwa nguvu zile anazokandia unga, na wimbo ukatoka mbio kama kuku anayekimbizwa. Sasa Heiko Behnken, karani mmoja mpole mwenye kitambi, alikuwa amekwisha kuanza kufagia, na miguu yake, bila yeye mwenyewe kutaka, ikaanza kuufuata wimbo. Akawa anafagia kwa kasi mpaka mkia wa koti unapepea.

"Polepole, dada!" alihema. "Mimi si mashine."

Gesine akapunguza, akapunguza mno, na Heiko akaganda mguu mmoja hewani. Umati ukacheka. Mtu nyuma akasema, "Ongeza kidogo tumwone." Gesine akaongeza. Heiko akakimbia. Akapunguza tena, na Heiko, aliyekuwa sasa ameelewa mchezo, akaufagia ukingo wa ngazi taratibu kama mtu anayemchana mtoto nywele. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Gesine naye, chini ya ile kofia, alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka, na hakuweza kusema ni machozi ya kicheko peke yake, maana ndipo alipoelewa kwa mara ya kwanza kitu gani kilikuwa kikimtoa baba yake nyumbani kila Jumamosi. Akatamani angalau mara moja angalipitia uwanjani baba yake akiwa hai.

Mtu wa Hamburg alipokuja Jumapili alimkuta Gesine amepiga magoti ujiani, anasugua shaba za kinanda kwa kitambaa.

"Samahani, bwana. Umekuja bure. Nikutengenezee kahawa?"

Akanywa kahawa, akaondoka amenuna. Almuth alisimama mlangoni mwa jiko, mikono kiunoni.

"Haya. Basi angalau kitoe ujiani."

Wakakihamishia chumba cha uani, kulikokuwa na baiskeli.

Haikuwa rahisi mwanzoni. Walikuwako wanaume wengine wenye vinanda, na hawakuzoea mwanamke katika kazi ile. Mmoja wao, Folkert Brüning, mzee mwenye masharubu aliyesimama siku zote chini ya matao ya ukumbi wa jiji, alimtazama akasema, "Mkono huo ni wa kukanda mikate."

"Ndiyo maana hauchoki," Gesine alijibu, akaendelea kuzungusha.

Brüning akamsogezea chupa yake ya mafuta ya mashine. "Mpini wako unalia. Paka hapo chini." Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Miaka ikapita namna hiyo. Siku za kazi mikate, Jumamosi ngazi. Alizungushia makarani, mabaharia, walimu, hata daktari mmoja ambaye marafiki zake walimpa mswaki badala ya ufagio. Wote walibusiwa, wakashuka ngazi na nyuso nyekundu, wakaenda kunywa. Yeye mwenyewe alitimiza thelathini bila mume. Wanawake wasioolewa hapa hawafagii. Husugua vitasa vya mlango wa kanisa. Shoga zake wa dukani walimpeleka, akavisugua vikang'aa, akabusiwa shavuni na mwanafunzi mmoja aliyekuwa na haraka ya kuwahi treni. Akarudi kwenye kinanda chake. Hakuona kwamba amepungukiwa na kitu, ingawa Almuth, aliyekwisha kuolewa na kuhamia ng'ambo ya mto, alimpigia simu kila Jumapili kumwambia kwamba amepungukiwa.

Kisha ikaja Jumamosi moja ya Novemba. Mvua ilikuwa nyembamba, baridi, ile inayoingia shingoni. Waliokuja walikuwa watu wa karakana ya tramu, wamemleta mwenzao Tammo Harms, dereva, mtu mrefu kutoka Frisia ya Mashariki ambaye hakuwa amekaa mjini muda mrefu. Watu wa huko wanasifika kwa kutosema, na Tammo hakuwatia aibu. Alipewa ufagio, akaupokea, akafagia. Tena alifagia vizuri, kutoka juu kwenda chini, pembe zote, mpaka wenzake wakalazimika kumwaga gunia jingine.

Tatizo likawa wasichana. Uwanja ulikuwa karibu mtupu. Waliopita walipita chini ya miavuli, wamejikunja.

"Binti, njoo umwokoe mwenzetu," wale wa karakana waliita kutoka chini ya matao, walikokuwa wamejificha na chupa zao. "Anaendesha tramu vizuri, hajawahi kugonga mtu."

Wasichana walicheka, wakapita. Mvua ikazidi. Vidole vya Gesine vilikuwa vimekufa ganzi, wimbo uleule umezunguka mpaka yeye mwenyewe hausikii tena. Ndipo yule mtu mrefu akashuka ngazi mbili na ufagio wake, akainama kidogo, maji yakamwagika kutoka kwenye ukingo wa kofia.

"Samahani, dada," alisema. "Umelowa. Nenda ukapumzike. Mimi nitafagia bila muziki."

Katika wanaume wote aliowahi kuwazungushia, hakuna hata mmoja aliyewahi kumjali mpiga kinanda. Gesine aliuachia mpini. Uwanja ukanyamaza ghafla, na wale wa karakana wakachungulia kuona kuna nini. Akapanda zile ngazi mbili, akamvua ile kofia ndefu isije ikamzuia, akambusu Tammo Harms mdomoni.

"Haihesabiki!" mmoja wa karakana alilalamika. "Mpiga kinanda hahesabiki."

Muuza maua mmoja mzee, aliyekuwa anafungasha ndoo zake aende nyumbani, akatia neno. "Suala si kinanda. Suala ni kama ni mwanamwali au si mwanamwali."

"Bibi," Gesine alisema, "njoo wewe uzungushe sanduku hili mchana kutwa kwenye mvua, halafu uniulize."

Muuza maua akacheka mpaka akakohoa. "Imehesabika," alitangaza, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa kuliko wote uwanjani, hakuna aliyebisha.

Mtu angefikiri Tammo angekuja kesho yake na maua. Hakuja. Badala yake, Jumatatu asubuhi, tramu ilipopita mbele ya duka la mikate, kengele yake ililia mara mbili bila sababu. Saa moja baadaye ikapita tena, ikalia tena. Ikawa hivyo kila siku.

"Gesine, tramu yako hiyo," shoga zake walisema, wakiinama juu ya trei kuficha kicheko.

Wiki zikaenda. Kengele, kengele, neno hakuna. Mwishowe Gesine akavua aproni, akatoka, akapanda tramu na kwenda kusimama nyuma kabisa ya kiti cha dereva. Tammo masikio yakamwiva.

"Imeandikwa hapo, usizungumze na dereva," alisema bila kugeuka.

"Nimesoma. Kwa hiyo wewe nyamaza, unaweza sana hilo. Jumamosi ijayo watu wa duka letu tunaenda matembezi ya sukuma wiki. Tunaanzia kwenye tuta la kuzuia maji, kule Blockland. Vaa viatu vya maana."

Kengele ikalia mara mbili.

Matembezi ya sukuma ndiyo sherehe yetu ya majira ya baridi. Baridi kali ya kwanza ikishaipiga mboga ya sukuma shambani ikawa tamu, watu hukusanyika, wakakokota kigari chenye chupa za kuwatia joto, wakatembea kwenye tuta huku wakishindana kuvingirisha mpira barabarani, mpaka wafike kwenye baa ya kijijini ambako sukuma imechemka tangu asubuhi pamoja na nyama ya moshi na soseji za mafuta. Anayekula kuliko wote huwa mfalme. Siku ile mwokaji mkuu wa duka, mtu wa kilo nyingi aliyeushikilia ufalme huo kwa miaka, alikula kwa kelele, akijisifu kila sahani. Tammo alikula kimya. Sahani ikiondoka, nyingine inakuja. Hakuna aliyemwangalia mpaka mwokaji alipoweka uma chini, akalegeza mkanda, akaona yule dereva mwembamba anapangusa sahani kwa kipande cha mkate na kumwuliza mhudumu kama kuna viazi zaidi.

Wakamvisha shingoni taya la nguruwe lililotundikwa kwenye utepe. Sasa mfalme huchagua malkia, na mfalme na malkia ndio wanaoandaa matembezi ya mwaka unaofuata. Tammo alisimama. Wote wakangoja hotuba. Akazunguka meza, akamvisha Gesine utepe wa pili, akakaa kando yake.

"Kwa hiyo," Gesine alimwambia kwa sauti ya chini, "itabidi uzungumze nami mwaka mzima."

"Nitajaribu," Tammo alisema.

Matembezi ya mwaka uliofuata waliyaandaa wakiwa mume na mke.

Waliishi vizuri. Tammo alimsaidia kusukuma kinanda Jumamosi alizokuwa hana zamu, akajifunza kuziba filimbi zilizovuja. Watoto hawakujaliwa. Waliliongelea hilo mara chache, wakalilia kidogo, wakalikubali. Jambo lililowatikisa kweli lilikuja baadaye, na lilikuja kutoka shamba.

Mama yake Tammo, Foelke, alikuwa mjane, akiishi peke yake kwenye nyumba ya matofali mekundu karibu na mji wa Leer, huko Frisia, pamoja na kuku, paka, mbwa na ng'ombe wawili aliokataa kuwauza. Mwaka ule aliteleza zizini akavunjika mguu. Mguu uliunga, lakini haukurudi ulivyokuwa.

"Turudi nyumbani," Tammo alisema. "Kule kuna nafasi. Kuna hewa."

"Kuna ng'ombe," Gesine alisema. "Nitawazungushia ng'ombe kinanda?"

Lilimtoka kama mzaha, lakini Tammo hakucheka. Akanyamaza, na safari hii haukuwa ule ukimya wake wa kawaida, mzuri, bali mwingine, kama mlango uliofungwa. Nyumba ikawa nzito. Gesine alilala akijiona mbaya, akaamka akijiona mbaya zaidi, na bado hakuweza kujifikiria mahali ambapo kengele za kanisa kuu hazisikiki. Siku ya tano au ya sita akaomba ruhusa dukani, akapanda treni peke yake bila kumwambia mumewe.

Foelke alimkaribisha jikoni akiwa na fimbo yake. Akamimina chai nyeusi, nzito, juu ya sukari ya mawe ikapasuka na kulia, akadondosha krimu kwa kijiko. Gesine alishika kijiko kukoroga.

"Weka chini," Foelke alisema. "Haikorogwi. Kwanza uchungu, mwisho utamu. Nyie watu wa kahawa hamna subira." Akangoja mkwewe anywe. "Umekuja kunibeba kama gunia la viazi."

"Nimekuja kukuomba, mama. Mimi siwezi kuondoka kule. Nimejaribu kujilazimisha, nimeshindwa. Ukikataa kuja, tutahamia sisi hapa, maana Tammo hawezi kukuacha. Lakini utapata mkwe mwenye uso wa kununa kila asubuhi."

Bibi kizee akajimiminia kikombe cha pili. Nje kuku mmoja alikuwa anatangaza yai lake.

"Angalau husemi uongo," alisema. "Nakuja mpaka Pasaka. Nikichoka, narudi. Na birika langu linakuja. Chai yenu siinywi."

Alifika mwisho wa kiangazi, na kwa wiki za kwanza hakuna alichokisifu. Maji ya Bremen yaliharibu chai. Mito ya kulalia ilikuwa laini mno. Tammo alimpeleka kuona sanamu ya Roland, yule shujaa wa mawe anayeulinda mji kwa upanga na ngao.

"Jitu zima hivyo limesimama tu," Foelke alisema. "Halina kazi?"

Akampeleka kando ya ukumbi wa jiji, kwenye sanamu ya wanyama wanne wa hadithi ya kale waliopandana, punda, mbwa, paka na jogoo, ambako wageni hushika miguu ya punda wakitaka bahati.

"Wote hao ninao nyumbani, isipokuwa punda," alisema. "Na hakuna aliyewahi kutoka mbali kuja kuwapiga picha."

Alikuwa mpweke, ndivyo Gesine alivyoona. Ukali ule ulikuwa upweke. Basi Jumamosi moja akafungua kiti cha kukunja kando ya kinanda, akamkalisha, akamfunika magoti kwa blanketi. Siku ile alikuwa anafagia kijana mmoja mwembamba mwenye miwani, na wasichana walikuwa wanasitasita. Foelke alivumilia kidogo. Kisha akainua fimbo, akamnyooshea msichana mmoja aliyekuwa anapita.

"Wewe binti wa koti la kijani. Una haraka gani? Unakimbilia wapi?"

"Nyumbani, bibi."

"Nyumbani hapahami. Njoo umtazame huyu. Meno yake yote yapo, nimehesabu. Ufagio anaujua. Unataka nini tena?"

Binti wa koti la kijani akaona haya, akacheka, akapanda ngazi.

Kuanzia siku hiyo wafagiaji walikombolewa upesi kuliko zamani. Watu waliokuja kumwomba Gesine kinanda wakaanza kuuliza kwa adabu kama bibi naye atakuwepo. Foelke akajipatia kofia ya bluu yenye ua, akamzoea muuza maua mzee, wakawa wanawasengenya wachumba wa watu kutwa nzima. Ng'ombe waliuzwa kwa jirani wa Leer. Pasaka ilifika, wakala mayai na samaki, na hakuna aliyetaja kurudi Leer.

Oktoba yake ya pili mjini, Bremen ilikuwa kwenye shamrashamra ya Freimarkt, lile soko kubwa la vuli ambalo huleta bembea na vibanda nyuma ya stesheni. Hata Roland huvishwa shingoni moyo wa biskuti ya asali mkubwa kama ngao. Foelke alisimama mbele ya lile gurudumu kubwa linalopandisha watu juu ya mapaa, akaliangalia likizunguka.

"Napanda hili," alisema.

Tammo akatazama viatu vyake. Kumbe dereva wa tramu, anayepitisha chuma kizima katikati ya watu bila wasiwasi, alikuwa anaogopa urefu.

"Nipe mkoba," alimwambia mama yake. "Nitakushikia."

Wakapanda Gesine na mkwewe. Gurudumu likawachukua polepole, muziki na harufu ya lozi zilizokaangwa na sukari vikabaki chini, na minara miwili ya kanisa kuu ikatokea, kisha mto, kisha nchi tambarare isiyo na mwisho. Foelke alishika chuma kwa mikono miwili, macho yake yakitazama upande wa magharibi, ambako ukungu ulikuwa umekaa chini kama maziwa sahanini.

"Kwetu ni kule," alisema.

"Unapaona, mama?"

"Sipaoni. Lakini ni kule." Akatikisa kichwa, akaridhika. Kiti kikaning'inia kidogo kwa upepo, naye akamgeukia Gesine. "Wewe mtoto, kule chini nimeona wanauza mikunga, wale samaki warefu wa moshi. Tukishuka nataka mmoja mzima. Simgawii mtu."

Walipofika chini Tammo alikuwa amesimama palepale, mkoba wa mama yake umening'inia mkononi, rangi imemtoka kana kwamba ndiye aliyepanda. Foelke alinunua mkunga wake, akaula akiwa amesimama, umefungwa kwenye karatasi, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye viganja, na alipoulizwa kama ametosheka, akajipangusa mdomo akasema anataka kupanda tena.